Ni Nani Anayekula Kredi ya Kikundi?

Maneno haya yalisemwa na wafanyakazi wa idara ya maendeleo mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapisha ili yasomwe katika mikutano ya vikundi, hasa kwa wale ambao hawakuweza kufika.



Tumezoea kukutana hapa kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na miche ya miti. Leo tumeombwa tuseme juu ya simu. Wengine watauliza, simu na maendeleo wapi na wapi? Lakini ninyi wenyewe mnajua kwamba siku hizi simu ni chombo cha kazi kama jembe. Kwa simu tunauliza bei ya mahindi sokoni, kwa simu tunapokea michango ya wanachama, kwa simu tunamwita daktari wa mifugo. Na chombo cha kazi kikivuja, kazi nayo inavuja.

Karibu kila kikundi tulichotembelea kimetuuliza swali moja: tunaweka kredi, hatupigi simu, na kredi inaisha. Inakwenda wapi?

Zamani bili ilikuja

Wenye umri watakumbuka simu za Posta, wakati wa shirika la Kenya Posts and Telecommunications. Simu ilikuwa kwenye ofisi ya chifu, misheni, au dukani kwa tajiri. Mwisho wa mwezi bili ililetwa, na mara nyingi mwenye simu alishika kichwa. Ndiyo maana watu walitia kufuli ndogo kwenye kile kisahani cha kuzungusha nambari, ili mtu asipige wakati mwenyewe hayupo.

Mwaka 1999 shirika lile liligawanywa. Kukawa na Telkom Kenya, shirika la Posta, na tume ya kusimamia mawasiliano. Baadaye simu za mkono zikaenea, na mwaka 2007 ikaja M-Pesa. Mambo yakawa rahisi sana, na tunamshukuru Mungu. Lakini tuone kilichobadilika. Zamani bili ilikuja kwanza, ukaisoma, ukanung'unika, ndipo ukalipa. Sasa unalipa kwanza, na bili haiji kabisa. Pesa inakatwa kimya kimya ndani ya simu. Asiyeuliza hataambiwa. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kredi nayo ni mali.

Si kila kinachokatwa ni wizi

Kabla ya kupiga kelele za mwizi, tutenganishe mahindi na makapi. Ziko pesa ambazo hukatwa kwa haki.

Kwanza ni kodi. Ndani ya bei ya simu mna kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru wa serikali. Ushuru huo ulikuwa asilimia 20, na mwaka 2023 ulishushwa ukawa asilimia 15. Tunaweza kulalamika juu ya kodi kwa mbunge wetu, lakini huo si wizi wa kampuni ya simu.

Pili ni deni. Kampuni za simu hukopesha kredi. Ule mkopo wa Safaricom uitwao Okoa Jahazi una ada ya asilimia 10. Ukiomba shilingi 50 unapewa 45, na deni linabaki 50. Siku utakapokwangua kadi mpya, deni linakatwa kwanza kabla hujapiga hata simu moja. Sasa kama kijana wako aliomba mkopo huo jana usiku, wewe leo utaona kredi "imepotea." Haijapotea. Imelipa deni ambalo hukulijua.

Tatu, na hapa viongozi wa vikundi mtege masikio, ni Fuliza, ambayo ilianza mwaka 2019. Fuliza humruhusu mtu kutuma au kulipa pesa hata kama salio lake la M-Pesa halitoshi. Deni hilo nalo huzaa ada, na pesa zinapoingia kwenye laini hiyo, deni hukatwa papo hapo. Sasa fikirini. Mweka hazina wenu ana deni la Fuliza la shilingi 600 kwenye laini yake mwenyewe. Wanachama wanamtumia michango kwa laini hiyo hiyo. Michango ya kwanza itamezwa na deni lake. Hakuiba, na kampuni haikuiba, lakini pesa za kikundi zimelipa deni la mtu mmoja. Ndiyo maana tunasema tena na tena: pesa za kikundi zisipitie laini ya mtu binafsi.

Milango ambayo wezi huingilia

Baada ya kuondoa hayo ya haki, yanabaki makato ambayo hukuyaomba. Huingilia wapi?

Mlango wa kwanza ni zile meseji za kulipia. Ziko kampuni ndogo ambazo hazina minara wala laini. Zinakodi nambari fupi kutoka kwa kampuni za simu na kuuza meseji: matokeo ya mpira, mizaha, mambo ya mapenzi, nyota za bahati, na hata aya za Biblia. Ndiyo, ndugu zangu, hata Neno la Mungu linauzwa kwa meseji kila asubuhi, na asiyejua huona kanisa limemkumbuka. Kila meseji ikiingia, shilingi kadhaa zinatoka. Pesa hizo hugawanywa kati ya yule mwenye meseji na kampuni ya simu. Kwa hivyo msitegemee kwamba kampuni itakuja mbio kukuambia.

Mtu huingizwaje humo? Mara nyingine ni kwa kujibu ujumbe unaosema "Umechaguliwa, jibu NDIO ushinde pikipiki." Au maneno yanatokea ghafla kwenye kioo cha simu, nawe unabonyeza OK ili yaondoke, kumbe umekubali. Ama mtoto anachezea simu. Kwa wenye simu kubwa za intaneti, kugusa tangazo moja kunatosha. Kuna pia nyimbo ambazo anayekupigia husikia badala ya mlio. Wimbo huo unalipiwa tena na tena mpaka uukatae.

Mlango wa pili ni data. Simu kubwa hutumia intaneti hata ikiwa mfukoni. Bando likiisha na data haijazimwa, simu inaweza kuanza kula kredi ya kawaida. Zima data kama huitumii. Wale wenye kabambe, ile simu ya mulika mwizi, hapa mna nafuu.

Mlango wa tatu ni simu ya nje inayoita mara moja ikakatika. Unaona nambari ngeni ya nchi ya mbali. Ukidhani ni mtoto wako aliye Ughaibuni, unapiga, na kredi yote inakwisha kwa dakika chache, kwa sababu nambari hiyo imewekwa ili wenyewe wapate fungu la pesa za anayepiga. Aliye na haja nawe atapiga tena. Usirudishe simu kwa nambari usiyoijua.

Mlango wa nne ni laini ambayo imeandikishwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Kuna mawakala wanaotembea vijijini wakiuza laini, na mtu anampa kitambulisho mara mbili tatu "kwa sababu mtandao umekataa." Baadaye kuna laini yenye jina lako, iko na mtu mwingine, na akikopa ni wewe umekopa. Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ukiwa na kitambulisho, waifunge.

Kikundi kimoja tunachokijua

Tutawasimulia habari ya kikundi kimoja cha akina mama. Hatutataja jina lao, wala la kampuni.

Kikundi hiki kinafuga kuku na kina simu yake, kabambe ndogo iliyokaa kwa mweka hazina. Kila Jumatatu waliweka kredi ya shilingi 100 ya kuwapigia wanunuzi wa mayai. Kwa muda ilitosha. Kisha ikaanza kuisha Alhamisi, halafu Jumatano. Mweka hazina alipoulizwa alisema hajui. Akina mama wakatazamana. Mmoja akakumbusha kwamba mweka hazina ana binti huko Nairobi. Mwingine akasema yeye mwenyewe alimwona akicheka na simu. Mnajua maneno hayo yanavyotembea kisimani.

Kwa majuma manane mama yule alikuwa mwizi bila kesi. Ili kuepusha aibu akaanza kuongeza kredi kwa pesa zake za mfukoni, na hiyo ikawa kama ushahidi: "Mbona analipa kama hakula?" Mikutano ikapungua watu. Wanachama wawili wakaacha kuchanga.

Aliyefumbua jambo ni msichana wa kidato cha tatu aliyekuja likizo. Aliomba simu, akasoma meseji zote toka chini. Akakuta meseji mbili zinazoingia kila siku, moja ya mpira na moja ya nyota za bahati, na kila moja ilikuwa ya shilingi 10. Hesabu ni rahisi: shilingi 20 kwa siku, siku tano ni 100. Hata kama hakuna aliyepiga simu, Ijumaa ikifika kredi imekwisha. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya shilingi 7,000. Hizo ni kuku wangapi?

Mama yule hakujua kusoma Kiingereza, na meseji zote mbili zilikuwa za Kiingereza. Alikuwa akizifuta kila asubuhi kama mtu anayefagia majani.

Walituma neno STOP kwa nambari zile mbili, kisha wakaipigia kampuni. Ilibidi kupiga mara tatu na kuandika barua moja. Meseji zikakoma, na sehemu ya pesa ikarudishwa. Lakini ndugu zangu, jina la mama yule lilichukua muda mrefu zaidi kurudi kuliko zile pesa. Kikundi kiliandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba hakuwa na hatia, na mwenyekiti akayasoma kwa sauti mbele ya wote. Walifanya vyema. Ingekuwa vyema zaidi kama wangeitazama simu kabla ya kumtazama mwenzao.

Tumewasimulia haya ili mjue hasara ya shilingi 10 ni kubwa kiasi gani. Umaskini wetu hauvumilii mwizi, na kwa hivyo tunamtafuta haraka, na tunamwona mtu aliye karibu. Yule wa mbali, aliye nyuma ya nambari fupi, hatumwoni.

Sheria inasemaje?

Msidhani mtu wa kijijini hana mahali pa kushika. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inataja haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma, pamoja na haki ya kupewa habari anazohitaji na ya kulindwa mali yake. Na mwaka huo huo wa 2010 zilitolewa kanuni za kuwalinda watumiaji wa simu. Kwa maneno mepesi, kanuni hizo zinasema hivi: una haki ya kuelezwa bei wazi wazi, una haki ya kutozwa tu kwa huduma ulizojiandikisha, una haki ya siri ya habari zako, na kama kuna ubishi, una haki ya kusikilizwa na kutengenezewa mambo kwa haraka na kwa haki.

Hebu rudieni hiyo ya pili moyoni: kutozwa tu kwa huduma ulizojiandikisha. Mkienda dukani kwa kampuni, msiende kama waombaji. Nendeni kwa heshima, lakini mkijua mnadai haki.

Hatua za kufuata

Kama kredi yenu inapotea, fanyeni hivi, moja baada ya nyingine.

1. Msifute meseji. Meseji ndiyo risiti. Andikeni nambari iliyoituma, siku, saa, na salio kabla na baada.

2. Jibuni neno STOP kwa nambari ile ile iliyotuma, kama meseji inaeleza hivyo. Lakini kama ujumbe umetoka kwa nambari ya kawaida ya mtu anayejifanya kampuni, msijibu kitu.

3. Pigeni simu ya huduma kwa wateja. Kwa Safaricom na Airtel ni 100 kwa wanaokwangua kadi. Ombeni mambo matatu: laini iangaliwe imejiandikisha huduma gani, huduma zote za kulipia ziondolewe, na pesa zirudishwe. Ulizeni jina la anayewasikiliza na nambari ya malalamiko, mkaandike.

4. Kama hawasaidii, nendeni kwenye duka la kampuni mkiwa na barua na kitambulisho cha mwenye laini. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.

5. Kama bado, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ile iliyochukua mahali pa tume ya zamani. Ina ofisi Nairobi, na pia Mombasa, Kisumu, Eldoret na Nyeri. Watawauliza kwanza kama mlilalamika kwa kampuni, ndiyo sababu ya kuweka zile nakala.

6. Kwa hasara kubwa iko mahakama ya madai madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Kufuli ya siku hizi

Tulisema zamani simu ilitiwa kufuli. Kufuli ya leo ni nambari ya siri. Walaghai hawavunji mlango siku hizi, wanakuomba ufunguo, na kwa sauti tamu. "Shikamoo mama, tunapiga kutoka kampuni, laini yako itafungwa, tupe nambari ya siri tuirekebishe." Kampuni haina haja na nambari yako ya siri hata siku moja. Safaricom wenyewe husema wanapopigia wateja hutumia 0722 000 000 peke yake. Akikupigia kwa nyingine, kata. Meseji ya ulaghai unaweza kuituma mbele kwa 333 bila malipo.

Simu ikipoteza mtandao ghafla, na ya jirani inao, usingoje kesho. Huenda mtu amehamisha laini yako kwenye kadi nyingine. Azima simu, piga kwa kampuni mara moja. Wa Safaricom wanaweza kuzuia jambo hilo mapema kwa kupiga *100*100#. Na ukituma pesa za M-Pesa kwa mtu asiyehusika, tuma mbele ule ujumbe wote kwa 456 upesi, kabla hajazitoa.

Na nambari ya siri isiandikwe nyuma ya simu, wala isiwe mwaka wa kuzaliwa. Tumeona simu za vikundi zenye nambari ya siri imekwaruzwa kwa msumari kwenye kifuniko.

Kazi ya kikundi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Haya yote mtu mmoja yatamshinda, lakini kikundi kinaweza.

Kwanza, kikundi kiwe na laini yake, na Fuliza isifunguliwe kwenye laini hiyo. Pili, liwepo daftari la simu. Chora mistari minne: tarehe, kredi iliyowekwa, simu zilizopigwa, salio la jioni. Si kazi ya dakika mbili hata. Tatu, kila mkutano, kabla ya kukusanya michango, meseji zisomwe kwa sauti, na asiyejua Kiingereza atafsiriwe. Nne, mchagueni kijana mmoja anayejua simu awe msaidizi wa mweka hazina, lakini nambari ya siri asipewe. Hapo mweka hazina analindwa, na kikundi kinalindwa.

Katika Injili ya Luka tunasoma habari za mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepoteza moja. Hakuanza kwa kuwashtaki majirani. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii, na alipoipata ndipo akawaita majirani wafurahi pamoja. Basi na sisi tuwashe taa. Tutazame ndani ya simu zetu, shilingi kwa shilingi, tupate kujua kilichotoka na aliyekitoa.

 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kredi ya kikundi chetu huisha kwa siku ngapi, na ni nani anayejua sababu?
2. Michango yetu hupitia laini ya nani? Je, laini hiyo ina deni?
3. Ni meseji zipi zilizoingia juma hili ambazo hatukuziomba?
4. Kama pesa zingepotea leo, je, tungekuwa na daftari la kuonyesha, au tungeanza kutazamana?